UZI: Simba, fisi, mamba na wala nyama wengine wa kwenye vizimba: kazi hii inaua kupitia wapi hasa

Msalato Kwetu (mwanzisha uzi)

Habari za humu, wakuu.

Msimu wa Nane Nane pale Nzuguni mabanda ya wanyama hai hujaa watu, na vijana wa Dodoma hupata vibarua vya kulisha, kufagia na kusimama getini. Wengine wanaajiriwa kwenye bustani binafsi za wanyama. Maelekezo wanayopewa mara nyingi yanaishia kwenye "mzoee mnyama, naye atakuzoea". Nafungua uzi huu ili wanaoijua kazi waweke mambo ya kitaalamu, kwa sababu maelekezo ya namna hiyo yanaua watu.

Chukueni simba. Wa porini, kule Rungwa au Ruaha, akinusa mtu mchana kwa kawaida hujitoa. Anaogopa. Aliyekulia kizimbani, hasa aliyenyweshwa maziwa kwa chupa, hofu hiyo hana, lakini silika ya kuwinda iko palepale. Hofu ikiondoka na silika ikabaki, mnyama huyo ni hatari kuliko wa porini. Februari 2024, Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo huko Nigeria, simba alimuua mtunzaji aliyewalea simba wa chuo tangu walipozaliwa, karibu miaka 9.

Vitu vinavyoamsha silika hiyo vinajulikana: mgongo wa mtu, kuinama, kuchechemea, kuteleza, kukimbia, na mtoto mdogo anayepita mbele ya kizimba. Ndiyo maana mfagiaji yuko hatarini kuliko mlishaji. Mlishaji anamtazama mnyama. Mfagiaji ameinama na ametoa mgongo. Halafu watu huogopa ngurumo, kumbe ngurumo ni onyo. Mnyama anayetulia ghafla, akashusha mabega, akakaza macho bila kupepesa huku ncha ya mkia ikichapa, huyo ameshaanza kuwinda. Ila hata kusoma dalili hizo kusiwe kinga yako, maana kuna mashambulio yanayotoka bila dalili yoyote iliyoonekana.

Msimamo wangu ni mmoja: mtu na simba, chui, fisi au mamba mkubwa wasikae chumba kimoja hata dakika moja, awe na fimbo au hana. Usafi wote ufanyike mnyama akiwa amefungiwa upande mwingine. Karibuni.

---

Kisasa

Asante mkuu kwa uzi. Swali: kule Marekani watu walikuwa wanaogelea na wale nyangumi wauaji, wanawapanda mgongoni, mbele ya watoto. Je, si suala la mafunzo tu? Mtu akifundishwa vizuri kumsoma mnyama, bado anahitaji chuma katikati?

---

Bi Kizota

Kaka Kisasa, mfano uliouleta ndio unaoonyesha mafunzo yanakomea wapi.

Orka, yaani hao nyangumi wauaji, ni jamii ya pomboo. Dume mkubwa hufika mita 7 na kupita tani 5. Porini hakuna kumbukumbu ya orka kumuua binadamu. Waliofungiwa kwenye mabwawa wamehusika na vifo vya watu 4, na vitatu kati ya hivyo vinamhusu dume mmoja, Tilikum, aliyekamatwa Iceland mwaka 1983 akiwa mdogo. Februari 1991, kwenye bustani ya Sealand huko Victoria, Kanada, mkufunzi Keltie Byrne aliteleza ukingoni akaangukia bwawani. Pale wakufunzi hawakuwa na desturi ya kuogelea na orka. Orka watatu, Tilikum akiwemo, walimzuia asitoke hadi akafa maji. Julai 1999, Tilikum akiwa ameshahamishiwa bustani ya SeaWorld huko Orlando, Marekani, mtu aliyejificha humo usiku alikutwa amekufa ndani ya bwawa la Tilikum. Tarehe 24 Februari 2010, SeaWorld Orlando, Tilikum alimvuta majini Dawn Brancheau, mkufunzi mwenye uzoefu mkubwa, baada ya onyesho, akiwa amelala kwenye ukingo wenye maji ya kina kifupi tu. Miezi miwili kamili kabla ya hapo, 24 Desemba 2009, orka Keto alimuua mkufunzi Alexis Martínez kwenye bustani ya Loro Parque, kisiwa cha Tenerife, Uhispania, wakiwa kwenye mazoezi ya onyesho.

Hawa wa mwisho wawili walikuwa na mafunzo ya kutosha kabisa. Uzito wa swali lako uko hapo, na kuna mahakama iliyolijibu. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ambayo nayo huitwa OSHA kama ya kwetu, iliiandikia SeaWorld makosa Agosti 2010 na faini ya dola 75,000, baadaye ikashushwa hadi 12,000. Kampuni ilijitetea kwamba wakufunzi wamefundishwa kutambua dalili za hatari, na kwamba kukaribiana na mnyama ndiyo kazi yenyewe. Tarehe 11 Aprili 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa utetezi huo. Hatari ilikuwa inajulikana, na dawa yake ilikuwa inajulikana pia: kizuizi cha kudumu au umbali wa chini kati ya mtu na mnyama. Mafunzo yanabaki kuwa nyongeza juu ya hapo.

Jambo lingine la kujifunza, na hili linahusu hata simba: Tilikum hakumwachia Brancheau kwa wavu wala kwa ishara za kumwita. Ilibidi kumsogeza hadi bwawa dogo la matibabu ambalo sakafu yake huinuliwa. Kizimba ambacho hakina chumba kidogo cha kumbania mnyama hakina namna ya kumtoa mtu mdomoni mwake.

---

Fundi Mazengo

Hapo kwenye chumba cha kubania ndipo mafundi wetu wanapokosea, wakuu. Wanapewa kazi ya "kutengeneza banda la simba" wanajenga chumba kimoja cha nondo chenye geti moja. Hicho hata kukifagia huwezi.

Kwa uchache panatakiwa sehemu tatu: uwanja, chumba cha kulala, na kijichumba cha kuingilia watu chenye milango miwili ambayo haifunguki kwa pamoja. Kati ya uwanja na chumba cha kulala uweke mlango wa chuma wa kuteremka kwenye reli mbili, unaovutwa kwa kebo na kapi kutoka nje, mahali ambapo anayevuta anaona pande zote mbili.

Mlango huo ndio roho ya kizimba, na unaharibika kwa njia chache zinazojirudia:

Unakwama bila kufika chini. Mfupa, tope, kinyesi au mchezo wa mnyama umelala kizingitini. Huko North Carolina, Desemba 2018, mpira mkubwa wa kuchezea ulizuia mlango usifunge, simba akatoka na kumuua msichana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi. Kizingiti kiwe juu ya sakafu, kiteremke pande zote ili taka zisikae, na vitu vya kuchezea viwe vikubwa kuliko upana wa mlango au vifungwe kwa mnyororo.

Unainuliwa kutoka chini. Simba akipata mahali pa kupenyeza kucha, anaunyanyua. Machi 2013, kwenye bustani ya Cat Haven, California, simba alitoka kwenye kizimba cha chakula ambacho mlango wake haukufungwa kikamilifu, akamkuta mfanyakazi anafagia kwenye kizimba kikubwa. Kwa hiyo uzito wa mlango si kufuli. Weka pini ya chuma cha mm 16 inayopita kwenye reli na mlango vyote viwili, na kufuli juu yake.

Kebo inakatika mlango ukiwa juu. Mlango ukianguka hivyo unamvunja mnyama mgongo au kumkata mtunzaji mkono. Kebo ibadilishwe ikionyesha nyuzi zilizokatika hata chache, usisubiri.

Utaratibu wa kuingia kufanya usafi ni huu, na haurukwi hatua:

1. Hesabu wanyama kwa sauti, wawili mkisikilizana. Hesabu isipotimia, kazi imesimama.
2. Waite kwa chakula waingie chumba cha kulala. Hakuna kuswaga kwa fimbo.
3. Teremsha mlango, tazama kizingiti. Ukiona mwanga chini yake, haujafunga.
4. Penyeza pini, piga kufuli, kisha mwenzako ajaribu kuunyanyua kwa ndoano akiwa nje.
5. Hesabu tena, safari hii waliomo chumbani.
6. Anayeingia uwanjani abebe mwenyewe ufunguo wa pini ile, mfukoni. Usibaki ubaoni wala kwa msimamizi. Akiwa ndani, hakuna mtu duniani anayeweza kumfungulia simba kwa bahati mbaya.
7. Wakati wa kutoka, hesabu watu na vifaa kabla ya kugusa mlango wa wanyama.

Simu zibaki nje. Hatua namba 5 ndiyo watu huiruka wakiwa na haraka.

---

Kisasa

Fundi, nondo hazifai kabisa? Mabanda mengi niliyoyaona ni nondo za mm 12.

---

Fundi Mazengo

Nondo yenyewe haina tatizo la nguvu, tatizo ni nafasi. Wakiziacha kwa sentimita 10, simba anatoa mguu wa mbele hadi kiwiko na kucha zikiwa wazi. Mtu anayevutwa mkono kwenye nafasi hiyo hawezi kuuokoa. Kule San Francisco, Desemba 2006, chui milia aitwaye Tatiana alimjeruhi vibaya mkono mtunzaji aliyekuwa akiwalisha kupitia nondo.

Kwa hiyo juu ya nondo pachomelewe wavu wa chuma wenye matundu ya mm 50 kwa 50, waya usipungue mm 5, kuanzia sakafuni hadi urefu ambao mnyama anafika akisimama kwa miguu ya nyuma. Kwa simba ni mita 2.5. Kisha mstari wa njano sakafuni, mita 1.5 kutoka kwenye wavu, upande wa watunzaji. Wageni wawe na uzio wao wa pili mita 2 kutoka kizimbani, wenye urefu ambao mzazi hawezi kumkalisha mtoto juu yake.

Chui, kizimba kifunikwe juu chote, hakuna mjadala. Simba kwenye uwanja wa wazi, uzio wa mita 4 na kuendelea, na juu uiname kwa ndani nyuzi 45. Msipunguze kwa ajili ya bei. Tatiana huyohuyo, 25 Desemba 2007, alitoka kwa kuruka ukuta ambao ulipopimwa ulikutwa na mita 3.8 wakati kiwango kilichopendekezwa kilikuwa karibu mita 5. Aliua mtu mmoja na kujeruhi wawili.

Fisi anafukua na anatafuna. Wavu mwepesi wa uzio wa shamba anaumaliza. Laza wavu mzito chini ya ardhi kwa ndani, upana wa mita 1, uchomelewe kwenye uzio, ufukiwe.

Na kwa hapa kwetu: nguzo za mti sahau, mchwa wa Dodoma watazila kwa ndani na nje zitaonekana nzima. Maji yetu yana chumvi, yanakula makufuli na maungio ya chini yanayooshwa kila siku. Piga maungio kwa nyundo kila mwezi usikilize sauti, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu. Kufuli ziwe za shaba. Mvua za Januari nazo huchimba chini ya msingi, kwa hiyo zunguka uzio mzima kila baada ya mvua kubwa, kabla wanyama hawajaachiwa.

---

Ihumwa

Naongezea uzio wa umeme, maana watu wengi huuamini kuliko unavyostahili. Umeme ni wa kumzuia mnyama asiguse uzio. Hauwezi kuwa uzio wenyewe.

Volti zisishuke chini ya 5,000; zinazofaa kwa simba ni 6,000 hadi 9,000. Pima kila asubuhi kwa kipimo chake, mahali pa mbali kabisa na mashine, si karibu nayo. Betri ya akiba iweze kubeba usiku mzima umeme wa TANESCO ukikatika.

Shida ya kanda hii ni ardhi. Umeme wa uzio hurudi kwenye mashine kupitia udongo. Kuanzia Juni mpaka Novemba udongo wetu umekauka, haupitishi vizuri, na simba anaweza kugusa waya akasikia kidogo tu. Wanyama huligundua hilo mapema. Ufumbuzi ni mbili: vyuma vya ardhini viwe vitatu au zaidi, vya mita 1.8 kila kimoja, vikiachana mita 3, na kumwagiwa maji kiangazi. Na kwenye uzio wenyewe upishanishe waya wenye umeme na waya uliounganishwa na ardhi, ili mnyama akigusa wote wawili mzunguko ukamilike bila kutegemea udongo. Nyasi zikatwe chini ya waya wa chini, maana zikigusa zinanyonya umeme.

---

Daktari Hombolo

Nami niseme upande wa dawa na chakula.

Watu wanaamini kwamba simba akimkamata mtu, daktari atapiga sindano ya usingizi kwa bunduki na mambo yataisha. Haiwezekani. Ketamini ikichanganywa na medetomidini, au Zoletil, huchukua dakika 5 hadi 15 kumlaza simba hata ikiingia vizuri kwenye misuli. Mnyama aliyesisimka huchelewa zaidi, na maumivu ya sindano yanaweza kumzidishia hasira. Bunduki ya usingizi ni ya mnyama aliyetoroka lakini ametulia na hakuna mtu karibu. Mtu akiwa mdomoni, kinachobaki ni maji ya mpira wenye presha, kelele, kizimamoto cha gesi ya kaboni usoni, na mpiga risasi aliyeidhinishwa mwenye bunduki ya kiwango cha wanyama wakubwa. Huyo awe ametajwa kwa jina kwenye mpango wa dharura na awepo zamu.

Na simba aliyelala kwa medetomidini na ketamini anaweza kuamka ghafla akiguswa vibaya au kukiwa na kelele. Mfunike macho, ziba masikio, mtu mmoja akae kichwani akitazama masikio na kope tu.

Chakula: simba mzima hula wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku, na bustani nyingi huwa na siku ya kufunga kwa wiki. Nyama tupu isiyo na mfupa huwakosesha kalsiamu, watoto wa simba hupinda na kuvunjika mifupa. Mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla usiguswe: kimeta. Ng'ombe aliyechomwa dawa au kuuawa kwa dawa ya usingizi, sumu hiyo inahamia kwa simba. Chakula kipitishwe kwenye bomba au droo. Kurusha nyama kwa mkono juu ya uzio kunamfundisha mnyama kuruka kuelekea mkono.

Majeraha ya jino la paka mkubwa hudanganya: nje tundu dogo, ndani limefika kwenye mfupa na limepandikiza bakteria. Hatua ya kwanza ni damu. Bana kwa kitambaa na uzito wa mwili. Mkono au mguu unaomwaga kwa kasi funga mkanda wa kubana juu ya jeraha na andika saa uliyofunga. Damu ikitulia, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Hospitali wasimamie pepopunda, antibiotiki na chanjo ya kichaa cha mbwa inayoanza siku hiyohiyo, kwani fisi, simba na chui wote wanaweza kuwa nacho. Tundu la jino kwa kawaida haliharakishwi kushonwa. Wenye bustani wapige simu kwanza, kabla hakujatokea lolote, wajue kama ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa wenye chanjo hiyo na huduma ya upasuaji usiku.

---

Chilonwa

Mamba hawajaguswa. Kwa kifupi, maana mengi yanafanana.

Mamba hana uso wa kusomeka, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Anaweza kukaa saa nyingi kama gogo kisha akaruka kwa sehemu kubwa ya mwili wake. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hutulia, watu wakadhani amelala. Kuuma bado anauma. Jike mwenye mayai hulinda kiota karibu miezi 3 na hufukuza chochote.

Alichoandika Bi Kizota kuhusu mkufunzi kuteleza ukingoni ndicho kinachotokea kwenye mabwawa ya mamba. Ukingo wenye ukungu wa kijani ni mtego. Sakafu ya kutembelea iwe ya zege lililokwaruzwa, na kati yake na maji uwepo ukuta wa mita 1.2 kwenda juu. Bwawa lisisafishwe likiwa na mamba. Litolewe maji kwa bomba kutoka nje baada ya mamba kuhamishiwa bwawa la pili na kuhesabiwa. Maji machafu usiyoona chini yake, chukulia yupo hapo ulipo.

---

Bi Kizota

Na haki za mfanyakazi, kwa sababu kibarua ndiye anayesahaulika. Kumiliki wanyama hawa kunaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kizimba bila kibali hakipaswi kuwepo. Usalama wa anayefagia uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003: eneo lisajiliwe OSHA, hatari zitathminiwe. Ajali ikitokea, fidia ni ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana aulize kabla ya kuanza kama mwajiri amesajiliwa huko, na mkataba wake uwe umeandikwa, hata wa siku chache.

---

Kisasa

Nimeelewa, dada na wakuu. La mwisho: wanyama wanapoletwa viwanjani kwa lori, kuhamishwa kutoka kreti (lile sanduku la kusafirishia) kwenda kizimbani, kuna cha kuangalia?

---

Fundi Mazengo

Kipo, na ni wakati mbaya kuliko yote. Mnyama amechoka na safari, kuna vumbi na spika, na watu wanasogea kutazama. Kosa la kawaida ni kusogeza kreti mpaka ligusane na mlango wa kizimba, kisha kuinua milango. Simba anapotoka kwa nguvu, miguu ya nyuma inasukuma kreti kurudi nyuma, linafunguka pengo la sentimita 40, na anapita hapohapo katikati.

Kreti lifungwe kwenye nguzo za kizimba kwa minyororo miwili, juu na chini kila upande, ikazwe mpaka isicheze, na magurudumu yawekewe vigingi. Wageni warudishwe nje ya uzio wa pili. Anayeinua mlango asimame juu au ubavuni, kamwe si mbele ya uwazi. Mtu wa pili avute kila mnyororo kwa mkono wake na kusema kwa sauti kwamba umekaza, ndipo mlango wa kizimba ufunguliwe kwanza na wa kreti ufuate.